Upande wa Pili wa Shuka

Jumatatu, 3 Februari

Nimekuta karatasi mfukoni mwa sketi ya mjukuu wangu. Kabla ya kufua napekua mifuko. Hiyo ni kazi, si umbea. Shule sikuikanyaga. Herufi niliziokota kwa wanangu walipokuwa wakisoma kwa sauti, kwa hiyo nikasoma taratibu, kidole juu ya mstari. Mchujo wa timu ya mpira wa wavu, Ijumaa. Mazoezi Jumatatu hadi Alhamisi baada ya masomo. Mechi kila Jumamosi. Wiki kumi na mbili! Mlezi atie sahihi.

Nikamuuliza mbona hakunionyesha. Akasema mpira ni mambo ya kitoto. Mwongo. Mtoto anayepiga soksi zilizoviringishwa juu ya kamba ya nguo tangu ana miaka kumi!

Sababu naijua. Mashuka. Mimi ni dobi wa nyumba ya wageni, mashuka ishirini kwa siku, na shuka bichi hukamuliwa na watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, mnasokota mpaka litoe roho. Tangu mama yake aende kufanya kazi mbali, wa kule ni yeye. Anaogopa kuniacha peke yangu. Huruma ya kijinga.

Nimetia sahihi. Imekaa kama mjusi aliyekanyagwa, lakini ni sahihi.

Jumanne, 4 Februari

Nimepeleka fomu mwenyewe. Kocha ni msichana mwembamba, filimbi shingoni, macho ya askari wa forodha. Akaniambia msimu wake hauna mzaha: anayekosa mazoezi mara tatu anaondoka. Mwaka jana waliondoka wawili, wote kwa kazi za nyumbani. Akauliza kwangu kazi atafanya nani. Nikamwambia tumenunua mashine ya kufulia.

Mdomo huu!

Mashine ni mimi. Nikafunga ncha ya shuka kwenye bomba la uani, nikasokota. Shuka likastahimili, bomba halikustahimili. Maji mpaka mlangoni kwa fundi viatu, jirani, rafiki wa marehemu mume wangu. Akaja na kipande cha mpira wa tairi, akaziba, mabega yanarukaruka kwa kicheko. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, shemeji, mchana hana wateja, atashika upande wa pili. Nikamjibu mikono yake inanuka gundi. Miaka thelathini namwita mvivu, leo nimwombe msaada? Heri nishike kwa meno.

Jumatano, 5 Februari

Nimejaribu kwa meno. Sina meno ya kutosha.

Mpango wa pili: nguzo ya kibanda cha fundi, alipokwenda kunywa chai. Mashuka matano, safi kabisa. La sita, nguzo ikaitika. Kibanda kikajilaza chini taratibu kama ng'ombe aliyechoka, viatu vya watu vikaingia kwenye beseni langu la kusuuzia. Fundi akarudi, akaokota kiatu kimoja, akamimina maji yaliyomo, akasema ningeomba tu. Nikamwambia kibanda chake kilikuwa kibovu.

Kweli kilikuwa kibovu.

Alhamisi, 6 Februari

Msimamizi wa nyumba ya wageni amerudisha mashuka saba. Mabichi, yananuka. Yakifika tena hivyo atatafuta dobi mwingine. Kayasema hayo mbele ya mjukuu wangu.

Mtoto akashika upande wake, tukakamua upya. Nikamwambia fomu nimeshaipeleka, kesho aende. Akasema haendi. Nikasema kazi nitaiweza.

"Bibi," akasema, "shuka lina pande mbili. Wewe ni mmoja."

Ananifundisha shuka. Mimi! Nikamwambia asipokwenda nitakwenda kuruka mwenyewe, na goti hili, mbele ya shule nzima. Akanitazama, akajua sitanii. Atakwenda.

Ijumaa, 7 Februari

Nimejificha nyuma ya choo cha shule. Si mahali pa kuvuta pumzi. Zamu yake ikafika. Mpira wa kwanza, kwenye wavu. Wa pili, kwenye wavu. Wa tatu ukapita chini ya wavu kama kuku anayerudi bandani. Wenzake wakacheka. Kocha akaandika kitu.

Mikono ile! Mikono ya miaka minne ya mashuka! Ndipo nikaelewa. Anakosa makusudi. Amekuja ili ashindwe, arudi kwangu, nami nisiwe na la kusema.

Nikaingia uwanjani. Goti lilikataa, tukaenda nalo hivyo hivyo. Nikamwambia kocha hakuna mashine, nilidanganya, na huyu naye anadanganya, tumefanana. Mtoto akajifunika uso. Nikaishika mikono yake yote miwili.

"Wa upande wa pili nimempata," nikasema. "Piga."

Akauliza nani. Nikasema fundi viatu. Akauliza nimemwomba lini. Nikasema apige kwanza.

Akapiga. Msichana wa ng'ambo ya wavu aliupokea mpira kwa kifua, akakaa chini bila kukaribishwa. Kocha akaomba apige tena. Kisha tena.

Macho yangu yalitoa maji. Vumbi la uwanja.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwomba fundi. Akajifanya hasikii. Nikaomba mara ya pili. Akasema yuko tayari, ila kibanda je? Nikamshikia nguzo akigongelea misumari. Kisha mashuka. Mwanzoni alisokota kunifuata mimi, shuka likazunguka kama kamba ya kuruka, halikutoa tone. Alipoelewa, lilitoa mpaka maji ya mwaka jana. Ana mikono, mtu huyu. Sikumwambia.

Majina yamebandikwa. Wa kwangu ni wa nne! Alikuja mbio tangu getini, akanikumbatia mimi na shuka kwa pamoja.

Jumatatu, 10 Februari

Mazoezi ya kwanza leo. Asubuhi mjukuu kaniomba jambo moja tu: nisiseme uongo tena kwa ajili yake, wala nisimpangie mipango. Nimeapa. Kwa moyo mweupe kabisa.

Saa kumi nikapita shuleni. Kupita tu. Nikamkuta kocha anahangaika na gunia la jezi chafu, za timu nzima, na hana wa kuzifua msimu huu. Na nimepeleleza: anayezifua hukaa benchi moja na kocha siku za mechi, karibu kabisa na sikio lake. Ningefanyaje?

Kocha akasema ni nyingi, sitaziweza pamoja na mashuka. Nikamwambia aondoe wasiwasi, fundi viatu mwenyewe ndiye aliyejitolea. Kanibembeleza, nikamwambia, karibu alie.

Gunia liko hapa chini ya kitanda. Fundi yuko nje anagonga soli na kupiga mluzi. Nimempelekea chai, yenye sukari nyingi.