Pakiti ya Kijani Juu ya Seva

Jumatatu, 9 Septemba. Hsinchu.
Balaa! Watu wanaagiza kwetu keki za Sikukuu ya Mwezi kwa fujo, na mfumo wetu umeganda. Hifadhidata inalalamika kwamba miunganisho imejaa, haipokei mwingine. Bosi wetu kasema atakayeituliza kabla ya sikukuu ndiye kiongozi wa timu. Cheo changu hicho! Mpinzani wangu Yi-ching kakimbilia kusoma rekodi za hitilafu. Mimi nikatazama juu ya seva. Ile pakiti ya vitafunwa tunayoiweka ili mashine iwe na adabu imepitwa na tarehe tangu Julai! Nikanunua mpya, ya kijani. Njano na nyekundu ni rangi za taa za hitilafu, nani ajitafutie nuksi? Nikazima seva nipanguse vumbi, nikaiwasha. Ikachapa kazi! Bosi kanipigapiga begani.

Jumatano, 11 Septemba.
Imeganda tena. Na pakiti imechanwa, nusu haipo! Nikamshutumu Yi-ching mbele ya ofisi nzima. Akacheka hadi akashika meza. "Kaka Po-hsun, acha vituko. Ile programu yako ya ripoti, ikishamaliza kuuliza, inafunga muunganisho?" Nikamjibu kwamba si adabu kumfungia mgeni mlango. Jibu tamu. Ila jioni nikaifungua programu yangu, nione.

Ijumaa, 13 Septemba.
Aibu! Ni programu yangu. Kila dakika inafungua muunganisho mpya na wa zamani inauacha wazi. Jumatatu kilichosaidia ni kule kuzima seva tu. Tena inachambua maagizo yote tangu kampuni ianze, kumbe ripoti inataka ya leo. Vitafunwa alivila Bosi mwenyewe, njaa ilimzidi. Yi-ching kaongeza mstari wa kufunga muunganisho, kapunguza swali liulize ya leo tu. Shwari! Uongozi kapewa yeye. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akaniambia nisijitie msiba, kazi ipo: nipitie programu zangu zote, niweke mstari ule. Nilitaka kulia. Nikamwita mkuu, kwa moyo mmoja.

Jumatatu, 16 Septemba.
Kesho sikukuu. Maagizo yanamiminika, seva haijakohoa. Nimerekebisha programu mbili, nikachoka. Mstari uleule! Ndipo likanijia wazo la kumfurahisha mkuu. Nimeandika programu ya ulinzi: kila sekunde inafungua muunganisho na kuiuliza hifadhidata ni mingapi imeachwa wazi. Wa kwake siufungi, si utahitajika tena? Nimeiwasha sasa hivi. Jamani, inafanya kazi! Imeshakamata mingi, na kila nikitazama imeongezeka.