Dirisha Lililonifuata Meza Zote

Jumatatu, tarehe 3 Juni. Mushaki.

Asante Mungu kwa umeme wa jua. Asante kwa kompyuta ya ushirika wetu wa jibini. Asante, ingawa kwa shingo upande, kwa Noëlla, msaidizi wangu, aliyesomea mambo haya Goma na kuweka programu inayoigawa skrini moja kuwa meza nne. Ya kwanza, maziwa. Ya pili, barua. Ya tatu, nyimbo za kufungulia mkutano. Ya nne, tupu. Ukihamia meza nyingine, madirisha ya ile uliyoiacha hayaonekani tena.

Jumamosi ni uchaguzi wa katibu. Katibu ni mimi, Zéphyrin, mwaka wa tisa huu. Lakini nasikia jina la Noëlla likitajwa. Basi meza ya nne imepata kazi. Nimeandika juu, kwa herufi kubwa: MAKOSA YA NOËLLA. Nitayasoma mbele ya wote.

Jumanne, 4 Juni.

Sita tayari! Anafika kazini kabla ya kila mtu. Anapima kila bidoni ya maziwa mara mbili. Anasahihisha barua zangu bila kuombwa. Anajua ng'ombe wa wanachama kwa majina, hata wale wa Bihambwe. Akikosea anakiri papo hapo, jambo linalotutia aibu sisi wengine. Hapokei jibini ya zawadi. Mwanamke wa hatari.

Nimekuta mahali palipoandikwa: onyesha dirisha hili kwenye meza zote. Nikaweka alama, ili makosa yawe karibu nikikumbuka jingine. Nashukuru kwa akili niliyopewa.

Jumatano, 5 Juni.

Balaa! Nafungua maziwa, makosa yapo. Nafungua barua, yapo. Nyimbo, yapo, yamewafunika hata malaika wa wimbo wa kwanza. Na nimesahau ile alama niliiweka wapi.

Noëlla yuko Kirolirwe kwa wafugaji. Mtandao wa simu unapatikana mlimani tu, kwenye josho la ng'ombe. Kompyuta iko bondeni. Nikapanda. Nikampigia, akasema nibonyeze upande wa kulia wa kipanya juu ya dirisha linalosumbua. Nikashuka. Ikafunguka orodha ya mistari kumi na miwili! Nikapanda. Akauliza ni dirisha gani. Ningesema nini? Nikasema la maziwa. Akanipa dawa ya maziwa. Nikashuka. Dawa ilifanya kazi: maziwa yamejificha, makosa yamebaki.

Safari tano. Wachunga ng'ombe walidhani nimefiwa, wakanipa maziwa ya mgando na pole nyingi. Mungu awabariki. Nilivipokea vyote.

Alhamisi, 6 Juni.

Noëlla amerudi. Nilikuwa nimefunika nusu ya skrini kwa kitenge cha mke wangu Hélène, nikidai mwanga unaniumiza macho. Akayarudisha maziwa bila kukifunua. Adabu gani hii! Ningeiongeza kama kosa la saba.

Alipotoka nikaanza kubonyeza mishale kwa hasira. Dirisha likasogea kulia, likasogea, likatoka kabisa nje ya skrini. Sijui limekwenda wapi. Nashukuru tu kwamba limekwenda. Nitayasema makosa kwa kichwa.

Jumamosi, 8 Juni.

Mkutano. Nikaunganisha projekta ili watu waone nyimbo ukutani. Kumbe kompyuta huuhesabu ukuta kuwa skrini ya pili, na dirisha langu lilikuwa huko likinisubiri. Yakatoka makosa sita, kila herufi pana kama jibini nzima. Nikatafuta mlango.

Papa Habineza, président wetu, yaani mwenyekiti wa ushirika, akavaa miwani na kusoma kila mstari kwa sauti. Lakini dirisha lilikaa juu mno. Mstari wa kwanza, ule wa herufi kubwa, ulikatwa nje ya ukuta! Walisikia mambo sita ya Noëlla, basi. Mama Thacienne, mfugaji mwenzetu, ndiye aliyeanza kupiga makofi. Papa Habineza akasema hajawahi kuona katibu anayempisha mwenzake kwa heshima namna hii. Noëlla akachaguliwa kwa mikono yote. Na wangu pia. Walikuwa wananiangalia.

Watu walipotoka, Noëlla alilivuta dirisha chini ili alifunge. Kichwa cha orodha kikatokea. Akakisoma. Akakifuta, herufi moja moja.

"Papa Zéphyrin, ile ya juu nimeiona," akasema. "Bantu hawana lazima ya kuijua. Lundi mukuye mapema. Niko na lazima yenu, bafugaji bote banawajua."

Yaani watu wasijue, na Jumatatu nije mapema kwa kuwa ananihitaji! Nikalia, machozi ya kweli. Angeweza kunimaliza kwa neno moja. Sijawahi kushukuru hivi maishani mwangu.

Jumatatu, 10 Juni.

Nimefika mapema. Noëlla alikwishafika. Amenionyesha jinsi ya kuondoa ile alama, kwa subira, mara tatu. Nimemwapia Mungu: sitaandika tena hata kosa moja la Noëlla.

Kwa hiyo mchana nimefungua meza ya tano. MAKOSA YA HABINEZA. Uchaguzi wa président ni Septemba, na mimi sasa najulikana kwa unyenyekevu. Manne tayari! Nimempa Noëlla anisahihishie, maana kwa kazi hiyo hana mpinzani. Amesoma mpaka mwisho, akavua miwani, akainamisha kichwa mezani kwa muda mrefu. Nadhani anatafuta la tano.