Jinsi ya Kupandisha Gunia Bila Kutoka Jasho

Jumatatu, 3 Juni
Siku kubwa! Baba mkwe katukusanya sote mbele ya tanuri na kutangaza kwamba magoti yake yamestaafu kabla yake. Hataki tena kuiona ngazi. Ghala la unga liko juu, mikate inaokwa chini, na kila gunia hupanda kwa mgongo wa mtu. Atakayepata njia bora kufikia Jumamosi atakabidhiwa funguo za bekari. Funguo! Zile zile anazovaa shingoni hata akienda kuoga.

Washindani tuko wawili tu. Mimi, na mwanyumba wangu, mume wa dada ya mke wangu. Wafanyakazi wanamwita Winchi, kwa kuwa hubeba gunia begani huku anatafuna mkate. Kasema njia anayo, ni yeye mwenyewe. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kwa dharau, ila kilitoka kikohozi.

Miaka kumi na miwili napaka mafuta trei katika bekari hii. Nazitaka funguo hizo mpaka meno yananiuma.

Nimeazima kitabu cha fizikia cha binti yangu, anayesoma sekondari. Sura ya mashine rahisi. Nimesoma kurasa mbili na nusu. Zinatosha. Wengi huharibu mambo kwa kusoma mpaka mwisho.

Jumanne, 4 Juni
Wenzo! Uvumbuzi gani huu! Ubao mrefu, egemeo chini yake, mzigo huku, jitihada kule. Nikalaza ubao juu ya pipa uani, chini ya dirisha la ghala. Upande mmoja nikaweka nusu gunia, la majaribio. Ili kupata jitihada, nikamwomba Winchi aruke kutoka ngazi ya tano, atue upande wa pili. Simpendi, lakini sayansi haina kinyongo.

Akaruka. Gunia likapaa! Likafika sawasawa na dirisha, nikapiga makofi. Hapo likasita kidogo, kisha likarudi. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa namna ya kulishawishi liingie ndani.

Mama mkwe alikuwa anaanika nguo. Alikuja uani na khanga za rangi, akaondoka na mashuka meupe. Mke wangu, anayeuza mikate dukani mbele, kachungulia na kusema akili nyingi huondoa maarifa. Mimi nilikuwa natema unga.

Jumatano, 5 Juni
Wenzo ni wa kizamani. Leo roda, vile vigurudumu vya kupitishia kamba. Kitabu kinasema roda zikiongezeka, nguvu inayohitajika inapungua. Mwenye akili ataongeza ngapi? Nimefunga kumi na mbili, kati ya dirisha la ghala na gunia.

Muujiza! Gunia zima, nalivuta kwa vidole viwili huku naimba. Winchi alinitazama mdomo wazi. Ila kuna jambo dogo. Nguvu ikipungua, kamba inarefuka. Nikavuta, nikarudi nyuma. Nikamaliza uani. Nikatoka getini kinyumenyume. Nikavuka barabara, pikipiki ikanipigia honi. Nikaingia kwa kinyozi, nikapita kati ya kioo na mteja, nikaomba radhi, nikatokea mlango wa nyuma. Nikauliza kwa sauti gunia limefika wapi. Jibu likaja toka mbali: kifuani kwa Winchi.

Kinyozi alisema hawezi kunyoa watu na kamba imekatiza dukani. Nikamwomba asubiri robo saa. Akasema mteja ana upara nusu. Akachukua mkasi, akakata. Sikuamini mpaka niliposikia kishindo.

Wakati huo Winchi alikuwa ameshapandisha magunia tisa.

Alhamisi, 6 Juni
Sikulala vizuri kwa furaha, maana nimegundua adui ni nani. Msuguano! Yeye ndiye hukwamisha kila kitu duniani. Na nani anamjua kuliko mimi? Miaka yote hii nampiga vita kwenye trei kwa mafuta ya kuokea.

Nimelaza mbao juu ya ngazi toka uani hadi mlango wa ghala. Mteremko safi. Nikaupaka mafuta kwa mkono wangu mwenyewe, juu hadi chini, pembe zote, kama trei ya sherehe. Gunia likapanda kwa kusukumwa na tumbo langu. Shangwe! Tulipofika katikati nikakumbuka kwamba miguu yangu nayo iko juu ya mafuta.

Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema, ila hawakutaja kasi. Kitabu kinasema kitu kikishaanza kwenda kitaendelea kwenda mpaka kisimamishwe. Sisi tulisimamishwa na beseni la unga uliokandwa. Kinasema pia nishati haipotei, hubadilika tu. Yangu imebadilika kuwa nundu kwenye paji la uso.

Winchi ndiye aliyenichomoa. Alinifuta masikio kwa upole. Nilichukia kuona kwamba ni mtu mzuri.

Ijumaa, 7 Juni
Nimerekebisha kosa. Mafuta yamezidi? Nyunyizia unga, kila mwokaji anajua. Nikanyunyizia kilo sita. Gunia likapanda hatua nne, likaganda. Mafuta na unga vimekuwa gundi. Winchi kavuta, mfuko ukachanika, gunia halikusogea. Sasa ngazi yenyewe haipitiki. Baba mkwe alisimama chini akishika magoti, akauliza kwa sauti ndogo sana kama ninampenda binti yake kweli. Nilitaka kulia.

Mke wangu akaja na kisu cha kukwangulia. Alipokwangua njia mpaka juu akauliza ule mlango wa nyuma ya ghala unatokea wapi. Mlango gani? Nyuma ya trei mbovu, zile nilizozirundika mimi. Tukaziondoa, akasukuma. Barabara ya juu! Bekari iko chini ya kilima, na ghala liko usawa mmoja na barabara inayopita mgongoni mwake. Miaka yote lori limeshusha magunia chini nasi tumeyapandisha juu. Kampigia simu dereva, akamwambia kesho azunguke.

Jumamosi, 8 Juni
Lori limezunguka. Magunia arobaini yameingia ghalani kwa toroli, bila mtu kupanda hata ngazi moja. Binti yangu kaeleza kwamba kazi ile ile imefanyika, ila imefanywa na injini.

Baba mkwe akavua funguo. Nikasogea, nikainamisha kichwa. Winchi naye kainamisha. Tukagongana. Funguo zikapita juu yetu zikaenda kwa mke wangu. Nikaona wivu, kisha nikaona fahari, kisha wivu tena.

Amri yake ya kwanza: mteremko wangu ubaki, ila ukwanguliwe. Magunia yatashukia hapo kwenda kwenye mashine ya kukandia. Nami ndiye msimamizi wa mteremko! Trei apewe mwingine.

Jumapili, 9 Juni
Nimekaa chini ya mteremko siku nzima nikitazama magunia yakishuka. Yanashuka yenyewe! Nguvu zote hizo zinaishia sakafuni bure. Hapo ndipo kichwa kiliponiwaka.

Gunia likishuka litavuta kamba. Kamba itazungusha gurudumu la mashine ya kukandia. Gurudumu nalo litavuta kamba ya pili, itakayolirudisha gunia juu, lishuke tena. Hatutahitaji injini, wala umeme, wala lori. Gunia moja tu, likishuka na kupanda mpaka mwisho wa dunia! Nashangaa watu wote hawa waliosoma wamekuwa wakifanya nini.

Nimemweleza Winchi. Kamaliza mkate wake, kisha kasema yumo. Tunaanza kesho, mama funguo akiwa dukani. Binti yangu pekee ndiye aliyetia shaka, akiuliza tutalisimamishaje. Hilo sijalifikiria. Lakini kwa nini mtu asimamishe kitu kizuri?