Wakili wa Kwenye Geti

Ridhiwani hakuwa wakili, ila tai alikuwa nayo. Kila asubuhi aliikaza, akaenda kukaa nje ya geti la hospitali mjini Kasulu kutazama nani katoka na hogo mguuni au mkononi. Wenzake walivizia mvua wapande maharage. Yeye alivizia plasta nyeupe.

Siku hiyo alitoka Nkunzimana, dereva wa bodaboda, mguu mmoja umefungwa hadi pajani, kaegemea bega la mkewe Pelagia. Lori lilikuwa limemkumba kwenye kona ya Rungwe Mpya. Pikipiki yake, ambayo alimaliza mkataba juzijuzi tu ikawa mali yake, ililala uani na usukani uliopinda. Hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nzima.

"Mwakeye, mzee wangu. Pole sana," Ridhiwani alisalimu kwa Kiha, kwa sauti ya msibani. "Lori lile lina bima, na bima ni haki yako. Hao watu wa bima wanamwogopa mtu mmoja tu. Ndiye unaongea naye."

"Na wewe unataka nini?" Pelagia aliuliza.

"Mimi, mama? Mimi nataka haki. Ila ushahidi lazima ukae kwangu."

"Ushahidi upi?"

"Pikipiki."

Nkunzimana alifungua mdomo. Pelagia akamkanyaga mguu ule mzima. Yeye ndiye aliyefuata fomu ya PF3 polisi, na askari alishamweleza kwamba madai kwa bima ya lori mtu anapeleka mwenyewe, wala haachi chombo chake kwa yeyote.

"Chukua, wakili," alisema kwa upole. "Lakini haiwaki. Hao watu wa bima si watasema ni chuma chakavu?"

"Hiyo niachie mimi."

Tumtendee haki Ridhiwani: alifanya kazi. Kule Kibondo alikuwa na mnunuzi asiyeuliza maswali, na mnunuzi wa hivyo hanunui kisichowaka. Akauza redio yake, akauza na godoro la wageni. Fundi akafufua injini, akaweka usukani mpya, taa, mnyororo, tairi ya nyuma. Fundi alipotaka kubandua maandishi ya nyuma, MAMA FAIDA USILIE, Ridhiwani alikataa. Alisema yanapendezesha.

Asubuhi ya safari ya Kibondo, trafiki akamsimamisha kizuizini. Bima ya pikipiki ilikuwa imekwisha. Ridhiwani alihuzunika kwa dakika kadhaa, kiungwana, kisha akalipia kwa simu bima ya mwaka mzima, bodaboda wawili wakimtazama, na kupita.

Mtu wa tai hawezi kujua mambo ya vijiweni. Bodaboda wa huku mwenzao akivunjika, pikipiki yake haipandwi na mtu mwingine mpaka mwenyewe arudi barabarani. Ikionekana inatembea, maandishi yake yanajulikana, inaulizwa. Tena Pelagia ana kaka, Leonidasi, mwenyekiti wa kijiwe cha kwanza ukiingia Kibondo, na simu anayo.

Ridhiwani alipofika hapo, kijiwe kizima kilikuwa kimefunga njia.

"Karibu, wakili," Leonidasi alisema. "Tunausubiri ushahidi."

"Ndugu yangu, hapa kuna kutoelewana."

"Tunaelewana vizuri. Shemeji anaitaka pikipiki yake, na wewe umeitengeneza. Hata tairi hukumbania. Mungu akuzidishie."

"Na gharama zangu?"

"Zidai. Si ndiyo kazi yako?"

Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ridhiwani akalegeza tai.

"Sasa chagua," Leonidasi alisema. "Polisi ni pale. Au turudi Kasulu ukamwombe shemeji radhi."

"Kasulu."

"Panda nyuma. Nauli unatoa hapahapa."

Akatoa, akapanda, akavaa kofia ngumu iliyonuka jasho la watu wengine. Leonidasi akaikamua moto pikipiki ya shemeji yake, kona ya kwanza wakaipita karibu wamelala.

"Taratibu, kaka," Ridhiwani aliomba mgongoni. "Nikivunjika je?"

"Usiwe na wasiwasi," Leonidasi alimjibu bila kugeuka. "Bima ipo. Kuna msamaria kailipia leo asubuhi, mwaka mzima."