Mnara wa Ndege katika Mpunga wa Kahonzi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bwana Naibu Mwenyekiti wa Komiti Ndogo ya Maua na Ndege wa Msimu, Bwana Mwenyekiti mwenyewe, ambaye hakuweza kuja lakini kiti chake kimekuja, Bwana Chifu, masharifu na mashekhe wa Mambrui, wazee wa Jilore mliofika hapa kwa hiari yenu baada ya kuamrishwa, akina mama wa ngoma, wageni wetu wa ng'ambo wenye darubini shingoni, na wewe Bi Kahonzi, mwenye shamba hili la mpunga ambalo tumelikanyaga kwa heshima zote: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo!)

Mimi, Kavumbi, Afisa Mratibu wa komiti hiyo, ninasimama mbele yenu katika mwaka huu wa elfu moja mia tisa themanini na sita, nikiwa na furaha isiyo kifani, kuzindua Projekti Unganishi ya Kutazama Maua na Ndege wa Msimu katika Pwani ya Mashambani, projekti ambayo niliibuni mwenyewe, nikaijadili mwenyewe, nikaipitisha mwenyewe, na mwishowe nikajipongeza, maana mtu akingoja kupongezwa na wengine atazeeka. (Makofi. Kwelea waliotua mpungani wanaruka, wanazunguka, wanarudi.)

Nianze na idara ya maua, ambayo imefaulu kwa asilimia mia moja. Masika yalipokwisha, mlakasa ulichanua ufuoni kote, zambarau tupu, na mayungiyungi yakafunguka katika mabwawa ya Mto Sabaki. Komiti yangu haikulala. Ili Mgeni wa Heshima asisumbuke kuyafuata maua yaliko, tumeyachuma yote, na hayo hapo mbele yake mezani. Yaliyozidi tumeyafunga kwenye gari langu. (Makofi machache. Sauti: "Na sisi tutatazama nini?") Mtatazama gari.

Sasa mnara. Inueni macho muutazame! Wenye kijicho wananong'ona eti hili ni dungu la Bi Kahonzi, alilolijenga kwa boriti za mkoko ili akae juu aamie ndege kwa debe na kombeo, wasimlie mpunga wake. Niwaelimishe kitaalamu. Dungu ni mahali pa kukaa kufukuza ndege, na mnara ni mahali pa kukaa kutazama ndege. Hili lilikuwa dungu mpaka jana, nilipolifunga utepe huu mwekundu na kupiga marufuku kuamia katika eneo zima la projekti, ili ndege wajihisi wako kwao.

(Kahonzi, akisimama: "Bwana mkubwa, mpunga unakwisha! Tangu jana wanakula, na mimi nimekatazwa hata kurusha udongo. Hicho ndicho chakula cha wajukuu zangu!")

Mama, subira yavuta heri. Keti.

(Bi Shekha wa Mambrui, akiwageukia wenzake: "Jamani, debe limekatazwa, makofi hayajakatazwa! Mpigieni bwana makofi!" Makofi makubwa. Kwelea wote wanaruka.)

Ahsanteni! Ahsanteni sana! Nimeguswa. Niendelee basi. Fizibiliti stadi yetu, yaani upembuzi yakinifu (Makofi), tuliyoifanyia katika hoteli moja ya Bofa kwa kuwa hewa ya pale inasaidia kufikiri (Makofi, vigelegele), imethibitisha kuwa asilimia tisini na nne ya ndege wa pwani wanapendelea kuruka (Makofi, miluzi, watu wanapiga miguu chini), na kwamba mimi (Makofi) ... bado sijasema chochote, ndugu zangu! Wallahi, sijapata kupendwa hivi popote. Hata nyumbani kwangu.

(Mgeni mmoja mwenye darubini anamnong'oneza Kavumbi.)

Naam. Naarifiwa kwamba wageni wetu wametoka mbali, na tangu nianze kuzungumza hawajaona ndege hata mmoja aliyetulia, kwa sababu ya makofi yenu. Upendo wenu, ndugu zangu, unahujumu projekti. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, makofi yamesimamishwa mpaka itakapotolewa amri nyingine. Mwenye furaha afurahi kimoyomoyo.

(Kimya. Kwelea wanashuka. Shamba la Kahonzi linageuka rangi.)

Hapo sasa! Mnaona? Ndege adimu kabisa, maelfu kwa maelfu! Wageni, tazameni wanavyokula bila wasiwasi. Bi Kahonzi, usilie, mama, machozi yako yataingia katika picha. Fikiria fahari ya mpunga wako kuwa infrastrakcha ya kitaifa! Mama, unakwenda wapi? Bwana Chifu, mama huyu anakwenda wapi na kisu?

(Kahonzi anaukata utepe kwa kisu chake cha kuvunia, anapanda dunguni, anashika debe na kulipiga. Watu wote wanaitikia kwa kelele na makofi. Kwelea wanaondoka wingu zima kuelekea Sabaki.)

Na hivyo ndivyo, kama ilivyo katika ratiba, Bi Kahonzi ametuzindulia mnara kwa niaba yangu! Wageni, ndege ndio wale, watazameni upesi. Sote kwa pamoja: Maua! (Yako garini!) Ndege! (Waende zao!) Na komiti? (Nayo!)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bi Shekha kwa meza, mashekhe kwa kipaza sauti, wazee wa Jilore kwa viti, na Bi Kahonzi kwa kutuazima dungu lake, ambalo tunamrudishia kama tulivyolikuta. Kilichokuwa chetu ni utepe, na huo tunauomba, vipande vyote viwili, ufungwe fundo, kwani alasiri tunazindua mnara mwingine Bofa, ingawa huko bado hatujapata dungu la mtu. Mnaouliza mnara wenyewe utajengwa lini, mbona hamna shukrani? Si mmeuona ukizinduliwa? Na nusu ya mpunga iliyosalia ninaamuru Bi Kahonzi aachiwe, nami nitamwandika katika ripoti kuwa mnufaika wa kwanza wa projekti.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa mnaruhusiwa kupiga makofi.

(Hakuna anayepiga. Watu wamekwisha kuingia mpungani, wanamsaidia Kahonzi kuvuna.)