Stika za Kijani Ishirini na Sita

Jumatatu, 6 Julai

Zamu yangu ofisini. Tangu ugonjwa uingie nchini, Kitengo cha Kufuatilia Ahadi za Serikali kina watu wawili wa mkataba wasiokutana: mimi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, yeye Jumanne na Alhamisi. Namwita Bwana Ushahidi, kwa kuwa hilo ndilo neno lake. Ukimwandikia kwamba mvua inanyesha, anataka picha.

Kazi yetu ni ukuta. Ahadi tisini na sita, kila moja na kadi yake, kila kadi na stika yake. Nyekundu: haijaanza. Njano: inaendelea. Kijani: imetimizwa. Asubuhi hii za kijani zilikuwa saba, na moja kati ya hizo ni ahadi ya kuanzisha kitengo chetu.

Saa nne Mkurugenzi akapiga simu. Katibu Mkuu anakuja Ijumaa kuuona ukuta. Mikataba yetu yote miwili inakwisha mwezi huu, na nafasi ya ajira ya kudumu imepatikana. Moja. Atakayemridhisha Katibu Mkuu atabaki. Mwingine, kwaheri.

Nikaketi kutafakari. Mimi ni mtu wa kutafakari. Nilikwenda chuo kikuu kusomea hilo. Nikatazama nje ya dirisha. Barabara tupu. Mzee mmoja na baiskeli. Nikaugeukia ukuta. Ahadi ya 23: kumaliza foleni za magari katikati ya mji.

Foleni iko wapi?

Kijani!

Baada ya hapo mkono haukukamatika. Ahadi ya 31, kukomesha utoro shuleni: shule zimefungwa, hakuna mwanafunzi mwenye mahali pa kutoroka. Kijani. Ahadi ya 58, kupunguza safari za maofisa nje ya nchi: hakuna ndege. Kijani. Ahadi ya 74, kuondoa misururu kwenye ofisi za vitambulisho: ofisi zina kufuli. Kijani iliyokolea. Nimeondoka ukuta una za kijani ishirini na sita. Serikali haijawahi kuwa na mchana mzuri hivi, na wala haijui.

Jumanne, 7 Julai

Nyumbani. Mama anashona barakoa za kuuza kwa mapazia yetu ya sebuleni, kwa hiyo majirani wanatuona tukila. Amesema nikikosa kazi hii nitamsaidia kukata ncha za nyuzi. Amesema kwa upole. Ndiyo maana nimeogopa.

Saa saba mhudumu wa chai wa ofisini akanipigia. Mwenzako yuko juu ya kiti, anabandua. Nikamwuliza anabandua nini. Za kijani, mwanangu, kama mtu anayenyonyoa kuku. Na kwenye kila kadi anaandika kwa penseli: Ushahidi?

Chuki niliyonayo ni safi na ya kielimu.

Jumatano, 8 Julai

Anautaka ushahidi? Nimeipiga picha barabara tupu kutoka madirisha manne. Nimepiga picha kufuli. Nimepiga picha darasa tupu kupitia uzio wa shule, hadi mlinzi akanitimua akidhani nataka kuiba madawati.

Kisha nikamwendea fundi viatu aliye nje ya lango, nikaomba gundi yake kali kuliko zote. Akanionya kwamba hiyo ikishika haina talaka. Nikasema ndiyo hasa niitakayo. Akauliza kiatu kiko wapi. Nikasema ni kiatu kikubwa mno, hakibebeki.

Nimegundisha stika kwenye kadi na kadi kwenye ukuta. Zote za kijani zimerudi. Harufu ilinipanda kichwani. Kufikia saa tisa nilikuwa naimba. Mhudumu wa chai akanikalisha dirishani na kunipa maji. Nilipopata fahamu nikajaribu kubandua moja. Kwa kucha, kwa rula, kwa kisu cha kufungulia bahasha. Haikutikisika.

Na aje sasa na penseli yake.

Alhamisi, 9 Julai

Redio, saa saba mchana. Amri ya kukaa ndani imeondolewa. Shule, ofisi, viwanja vya ndege, vyote wazi kuanzia kesho alfajiri.

Mtaa mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mama alitupa mkasi. Shangazi, ambaye ni muuguzi na hajalala usingizi wa maana tangu Machi, alicheza peke yake uani akiwa na sare yake. Mimi nikaangua kilio. Shangazi akanikumbatia, akasema lia mwanangu, sote tumechoka. Sikumsahihisha. Najua ni aibu kuomboleza eti nchi imepata nafuu. Nilijichunguza nafsi kwa dakika kumi nzima. Kisha nikampigia Bwana Ushahidi.

Sikuwahi kuisikia sauti yake. Ni nyembamba, yenye adabu. Nikamwuliza kama, kwa bahati, ameweza kubandua japo moja.

"Nimevunjika kucha mbili, dada," akasema. "Umetumia nini?"

Nikamwambia. Nikasikia penseli ikiandika. Halafu akasema atakuja kesho asubuhi na patasi, ingawa si zamu yake. Nimetafakari sana kwa nini anisaidie. Nimehitimisha kwamba ni hila.

Ijumaa, 10 Julai

Kila mwenye gari alilitoa leo, hata wasio na pa kwenda. Foleni ilianzia darajani na mwisho wake sikuuona. Nilikwenda kwa miguu nikiyapita magari, na kila honi niliisikia kama inataja jina langu.

Bwana Ushahidi alikwishafika, yuko juu ya kiti na patasi. Ni mfupi kuliko nilivyokuwa nimemchukia. Barakoa yake ina maua ya zambarau. Nikaikodolea macho. Pazia letu.

Tukachokoa pamoja. Tatu zilitoka, kila moja na kipande cha ukuta. Nikamwambia aache, nina wazo bora. Nikafunga madirisha yote ili honi zisisikike. Akaniuliza kama hilo ndilo wazo lote. Ndilo lilikuwa lote.

Katibu Mkuu alitarajiwa saa tatu. Alifika saa tano kasorobo, kalowa jasho. Gari lake kaliacha darajani. Akasimama akihema, pua yake sentimita chache kutoka kadi ya 23. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Hii foleni iliisha lini?"

Nikamjibu Jumatatu, mheshimiwa, na picha ninazo. Akauliza iliisha kwa hatua gani ya serikali. Nikataja mazingira wezeshi. Akanyoosha mkono aibandue mwenyewe. Mkurugenzi akamsihi asijisumbue. Alikwishajisumbua. Stika ikatoka na kadi, kadi ikatoka na plasta, plasta ikatoka na ahadi sita za jirani, zote juu ya kiatu chake. Moja ilikuwa ya ukarabati wa majengo ya umma. Ya kijani.

Mkurugenzi akauliza nani amebandika. Bwana Ushahidi akatazama sakafu. Hakunitaja, hilo nalikiri. Mimi nikasema tulishirikiana.

"Mimi nilikuwa wa kubandua," akasema taratibu.

Kapata nafasi. Mhudumu wa chai alipiga makofi, msaliti yule. Mimi nimepewa hadi Jumatatu, isifike mchana, kuwasilisha barua ya kujieleza. Ikiwaridhisha, mkataba wangu utaongezwa miezi mitatu. Isipowaridhisha, ncha za nyuzi.

Jumapili, 12 Julai

Siku mbili za kujitazama ndani. Nimebadilika.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili: nilidanganya kwa sababu niliogopa kukosa kazi, naomba radhi. Nikampa Mama. Akaisoma akiwa amevua miwani, akasema ni nzuri, nisiiguse. Shangazi akasema angekuwa yeye Mkurugenzi, angesamehe papo hapo. Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikajisikia mwepesi.

Kisha nikaanza kutafakari.

Rasimu ya pili ina kurasa tisa. Inafafanua kwamba makosa yale niliyatega kwa makusudi, ili kupima kama kitengo kina uwezo wa kugundua uongo. Kimegundua. Nimempongeza mwenzangu kwa dhati, kwa kufaulu mtihani ambao hakujua anaufanya. Lakini jaribio kama hili likifanyika mara moja tu halina maana. Serikali makini inahitaji mtu wa kudumu wa kubuni uongo wa majaribio kila robo mwaka: msomi, mwenye kutafakari, mwenye uzoefu.

Jina la mtu huyo nimeliacha wazi, kwa unyenyekevu. Nimeweka urefu wake tu, na namba ya simu.