Injini Iliyong'olewa kwa Mnong'ono

Mwanamume anayefuta vumbi gari lisilo na injini ni mtu aliyependa, na aliyependa hana macho. Hilo Kinanda alilijua kuliko alivyojua sala zake. Kwa hiyo alipochungulia juu ya ukuta wa ua mmoja, akamwona kinyozi, aproni ya kazi bado kiunoni, akilipangusa gari dogo la zamani lililopandishwa juu ya matofali, boneti wazi na tumbo tupu, alizima gari lake akamshukuru Mungu. Matapeli nao hushukuru, tena mapema kuliko wengi wetu.

Jina la Kinanda lilitokana na maneno yake: ukimbonyeza popote, anatoa wimbo. Biashara yake ilikuwa moja tu. Alikuwa akiuza injini ya gari lake, na alikwisha kuiuza mara nyingi. Mnunuzi huisikia ikinguruma, huipenda, hulipa. Kinanda huondoka nayo, eti anakwenda kuing'oa garaji. Kesho yake mkokoteni huleta kitu kizito kilichofunikwa turubai, kimepakwa rangi ya fedha kwa nje, na kwa ndani kimepasuka kama kisigino. Wakati huo mwenyewe yuko mji mwingine, anachungulia ukuta mwingine. Gari lile ndilo lililokuwa duka lake, chambo chake na miguu yake ya kukimbilia. Bila injini ile angekuwa mtu mwenye mdomo tu, na hao wamejaa kila kona.

Aliliingiza gari uani, akashuka kwa salamu ndefu, akaulizia afya za watu asiowajua. Kinyozi alimtembeza kuzunguka gari kama mtu anayeonyesha picha za harusi: bati ameligonga mwenyewe likanyooka, nyaya amezipanga upya, viti vimeshonwa na mkewe kwa cherehani ya umeme iliyokuwa ikionekana pale mlangoni. Kilichobaki ni moyo. Alitaka moyo mkubwa kuliko ule liliozaliwa nao.

"Ndugu yangu," Kinanda alisema, "sogea hapa kwenye boneti langu, usikilize."

Akawasha. Tusimnyime haki yake: injini ilikuwa nzuri. Ilinguruma kama paka aliyeshiba. Kinyozi akafumba macho. Hata fundi wa kuchomelea, aliyekuwa ameinama kwenye kona ya ua na kinyago chake cheusi usoni, aliacha cheche zake akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani na kinyago chake kunywa maji.

Alipotoka, alifuatana na mke wa kinyozi, Mama Pacha, mtoto mmoja mgongoni na mmoja mkononi, wakilia kwa kupokezana. Mama Pacha aliuliza injini ile inataka nini. Kinyozi akakiri kwamba fedha hawana. Kinanda akacheka kwa huruma, akasema kati ya ndugu fedha ni takataka. Cherehani ile ingemtosha. Aipakie leo, na injini ataileta kesho kutoka garaji. Kwa kuwa tayari majirani walikuwa wameegemea ukuta, aliwageukia na wao.

"Nimeuza injini hii, hii hii mnayoisikia, kwa cherehani. Mashahidi ni nyinyi."

Mama Pacha aliitazama cherehani yake. Ndiyo iliyokuwa ikiwalisha siku ambazo vichwa vya watu havioti nywele. Kisha akasema sawa, akampa mumewe mtoto wa mkononi, akaibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye kiti cha mbele cha gari la mgeni.

Tapeli mwenye akili angeondoka hapo. Lakini Kinanda alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kutoka katika nyumba ya watu bila kuacha sifa ya mwisho. Akasema watoto ni wazuri, wamefanana na mama yao, na kwamba watoto humpenda yeye ajabu. Akiwapakata tu, wanalala.

"Kumbe," alisema Mama Pacha. "Basi nisaidie, kaka yangu. Hawajafumba jicho tangu alfajiri."

Kabla hajatunga udhuru, alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha barazani, pacha mmoja kila mkono. Na wakalala kweli. Mmoja alimshika kidole, mwingine akamdondoshea mate kwenye shati lake la kazi, lile la hariri. Mama Pacha akainama sikioni.

"Usitikisike, usipaze sauti. Wakiamka sasa, utawabembeleza wewe mpaka waoe."

Kinyozi akaja kwa kunyata, akanong'ona kuomba ruhusa ya kupima nafasi za vishikio vya injini, ili kesho isiwasumbue. Kinanda akakubali kwa kichwa. Kupima hakujaua mtu. Halafu akasikia spana.

"Mnafanya nini?" alinong'ona.

"Tunalegeza tu," kinyozi alinong'ona naye, kwa adabu zote.

Maji ya rejeta yakachuruzika kwenye beseni, taratibu. Fundi akashusha mnyororo wa winchi, ameuviringishia matambara usipige kelele. Kinanda akanong'ona kwamba alisema garaji, jamani, garaji. Fundi akaweka kidole mbele ya kinyago: shhh. Maneno ya Kinanda yalikuwa bado matamu, lakini yalihitaji sauti, na sauti hakuwa nayo. Kila alipojaribu kuinuka, pacha mmoja alikunja uso, mdomo ukaanza kutetemeka, naye akakaa tena. Uzito wa mtoto aliyelala una namna yake ya kumkalisha mtu. Waliozaa wanaujua.

Watoto walipoamka, injini ilikuwa inaning'inia hewani. Sasa aliweza kupiga kelele, na akazipiga: wezi, majambazi, mchana kweupe. Fundi akainua kinyago.

Kinanda aliutambua uso ule. Aliuona mara ya mwisho katika mji mwingine kabisa, ukitabasamu, ukimwamini, ukisubiri mkokoteni.

"Huyu ni kaka yangu," alisema Mama Pacha. "Hakukutambua kwa sura. Aliutambua mlio. Sasa tuambie mbele ya mashahidi wako: uliuza injini hii, au uliuza nyingine?"

Majirani wakazidi kuegemea ukuta. Akisema hii, imekwenda. Akisema nyingine, fundi angeeleza ni nyingine ipi, na ukuta waliouegemea majirani ulikuwa mfupi, wa kurukika na wote kwa pamoja.

"Hii," alisema Kinanda, kwa mnong'ono, ingawa watoto walikuwa macho.

Ilikuwa biashara yake ya kwanza ya halali, na hakuna kilichowahi kumuuma kiasi kile.

Kuondoka hakuweza, kwa sababu gari bila injini halina safari, na kuliacha aliogopa. Akalala ndani yake. Kesho yake, ili mambo yaishe upesi, alishika taa, akapokeza spana, akalaza watoto. Fundi alichomelea vishikio, kinyozi akaunga nyaya, na keshokutwa yake gari dogo likanguruma, kinyozi akalia kidogo bila kuona haya.

Kwa kuwa ni watu waungwana, walijitolea kumvuta mgeni mpaka anakotaka. Wakafunga kamba. Kinanda akashika usukani wa gari lake tupu, cherehani pembeni yake imefungwa mkanda, akavutwa na injini yake mwenyewe. Njia panda wakasimama. Mama Pacha akashuka kuuliza wamfikishe wapi.

Kinanda akafikiria mji mmoja: kule kuna mtu mwenye injini ya rangi ya fedha. Akafikiria mwingine: kule wako wawili, na ni ndugu. Akaitazama cherehani.

"Dada," alisema, "hapa kwenu mtu akifungua duka la kushona, atapata wateja?"

"Unajua kushona?"

"Sijui. Najua kuongea na wateja."

Mama Pacha alimtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa.

"Vipimo nachukua mimi," alisema. "Fedha nashika mimi. Na cherehani inalala kwangu."

Akarudi garini, akamwambia mumewe jambo. Kamba ikakaza, na gari dogo likageuka kurudi nyumbani.